Anayerusha Ndiye Aliyeunda

Annonciata alianza kurusha ndege kwa dharau. Ulikuwa mwaka wake wa tatu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, upande wa Rubondo, Jumamosi moja alasiri, anapanda kutoka ziwani na fungu la mafunjo kichwani. Nyuma ya kanisa akawakuta vijana wa kwaya wamejipanga kwenye kiwanja cha vumbi, kila mmoja na kidege chake cha mabua na mfuko wa plastiki, wanavirusha na kuhesabu kwa sauti. Kimoja kikakaa hewani sekunde kumi na moja. Wakashangilia mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Annonciata akasonya, akawauliza kama wanarusha ndege au wanazizika. Mmoja akamjibu kwamba mwenye kujua aende akaunde yake.

Akaenda akaunda. Hakuwa mwanamke wa kuambiwa mara mbili. Alikuwa msuka mikeka kutoka Baraka, Kivu Kusini, mjane, mama wa binti mmoja aitwaye Chantal aliyekuja kuolewa Oruchinga, kambi nyingine ya wakimbizi. Mafunjo aliyajua kama mtu anavyomjua mke mwenza. Aliyakausha kivulini majuma mawili, akayamenya, akachukua ule moyo mweupe wa ndani ambao hauna uzito wowote mkononi. Viungo akavifunga kwa nyuzi za mgomba, fundo dogo la wasuka mikeka ambalo halifunguki hata ukilivuta kwa meno. Propela akaichonga kwa kisu cha jikoni kutoka kwenye mti mwepesi unaoota majini, na mpira wa kuizungusha akaukata kwenye tyubu ya baisikeli. Jumamosi iliyofuata ndege yake ilikaa hewani sekunde hamsini na nane. Wale vijana hawakushangilia. Yeye akachukua ndege yake, akawaambia kwaya waendelee kuimba, labda huko ndiko walikojaliwa.

Mchezo wenyewe ni huu, kwa asiyeujua. Ndege haina injini wala rimoti. Ina mpira ndani ya tumbo lake. Unausokota mpaka ukaze, unaiachia, na tangu hapo hairuhusiwi mtu kuigusa wala kuielekeza. Saa inahesabu mpaka iguse ardhi. Ambaye ndege yake inakaa hewani kuliko za wenzake ndiye mshindi. Mtu anaweza kufikiri kwamba ushindi uko kwenye ndege, na wengi hufikiri hivyo, ndiyo maana wengi hushindwa. Jua likishapasha ardhi, kuna mahali hewa inapanda na mahali inashuka, na haionekani kwa macho. Ukiiachia ndege kwenye hewa inayoshuka, hata iwe imeundwa na malaika itarudi chini kama jiwe.

Annonciata aliiona hewa hiyo kwa sababu alikuwa amepepeta maharage tangu akiwa na miaka sita. Alisimama uwanjani na ungo, akarusha maganda mawili matatu, akatazama yanakokwenda. Yakianguka miguuni, alingoja. Yakikawia, alingoja bado. Yakipanda na kupita kichwani pake, aliachia ndege, akageuka kwenda kuketi bila kuitazama. Kule kugeuka kuliwachoma watu kuliko kushindwa kwenyewe.

Mchezo ulipofika mjini Mbarara uliharibika, kama kila kitu kinachopata mhuri. Aliyeupeleka ni Sulaiman, sajenti wa jeshi aliyekuwa zamu ya ulinzi upande wa Nakivale, akaona ndege za mabua, akazipenda, akawafundisha watoto wa askari kambini kwao Mbarara. Alipostaafu alihamia Bwizibwera kufanya biashara ya maziwa, na kwa kuwa maziwa hayapigi saluti, akaunda kamati. Kamati ilikuwa na watu saba, mwenyekiti yeye, na katibu akiwa Robinah, mwalimu, mke wa askari, mwanamke mwaminifu aliyeandika kila kitu hata visivyostahili wino. Mashindano yakawa mara mbili kwa mwaka kwenye uwanja wa majani karibu na kambi ya jeshi. Wakimbizi walikaribishwa. Mwaka wa kwanza Annonciata alichukua kombe, wa pili akalichukua, na wa tatu kamati ikaanza kufikiri.

Wakifikiri, waliandika sheria. Kwanza wakasema mpira upimwe, wa kila ndege usizidi gramu thelathini, na wakaleta mizani ndogo ya kupimia dhahabu, aina ile ambayo Annonciata aliiona kwao Fizi kwa wanunuzi wa mchanga wa dhahabu. Akapunguza mpira, akashinda. Wakasema ndege yenyewe isiwe nyepesi mno, maana ya kwake ilikuwa nusu ya uzito wa ndege za wengine. Akabandika udongo wa mfinyanzi tumboni, akashinda. Wakasema dakika mbili ndio ukomo, hata ndege ikae hewani mpaka jioni, kwa madai kwamba ndege zinapotelea Ngarama na moja inasemekana ilivuka mpaka bila hati. Akafikisha dakika mbili katika mizunguko yote mitano, akashinda. Wakapiga marufuku utambi, ule unaoungua polepole mpaka ukate uzi na kuishusha ndege isipotee, eti utachoma majani. Mwisho wakakaa kikao kizima, watu wazima, wenye watoto, wakaandika kwamba mshindani haruhusiwi kuchafua uwanja kwa maganda ya maharage.

Hilo la maganda lilimfurahisha mwaka mzima. Alilisimulia kisimani, kwenye foleni ya mgao, na kwa Chantal kila alipokwenda Oruchinga. Mbarara kuna makaloli, wale ndege wakubwa wenye upara wanaokula taka, na makaloli nao hupanda kwa hewa ya joto. Akawa anawatazama hao. Aliiomba kamati, kwa adabu kabisa, iandike sheria ya kuwafukuza.

Lakini sheria moja haikumfurahisha. Tangu siku za kiwanja cha kanisa kulikuwa na neno moja ambalo halikuandikwa na mtu, na kila mtu alilifuata: anayerusha ndiye aliyeunda. Miaka minne iliyopita Faizo alitokea. Faizo aliuza simu Mbarara, alikuwa na viatu vyeupe na hamu ya kombe, na vidole ambavyo havijawahi kushika hata sindano. Akaagiza ndege kutoka ng'ambo, nyeusi, inang'aa, mabawa magumu, na ndani yake kisaa cha umeme cha kuishusha kwa wakati. Kamati iliiangalia ile ndege kama watu wa kijijini wanavyomwangalia bwana harusi mwenye gari. Ndani ya mwezi mmoja sheria ya kuunda ikafutwa. Ilisemwa kwamba mchezo lazima ukue.

Annonciata alimshinda Faizo mwaka huohuo, maana ndege ya ng'ambo haikuja na macho ya kuona hewa. Hata hivyo hakunyamaza. Alimwendea Nehemiya, karani wa kanisa, akamwandikisha barua kwa kamati kudai ile sheria irudishwe. Kamati ikakataa. Akaandikisha ya pili. Kila palipokuwa na watu zaidi ya watatu alisema kwamba mtu anayerusha ndege ya kununua ni sawa na mtu anayejisifu kwa mtoto wa jirani. Akasema haoni tofauti kati ya kununua ndege na kununua kombe lenyewe dukani, ila dukani ni karibu zaidi. Maneno yalikuwa makali na ya kweli, na watu walipenda kumsikiliza.

Kisha vidole vyake vikaanza kukunjika.

Vilianza asubuhi za baridi, vidole viwili vya mkono wa kulia, halafu vyote, halafu na mkono wa kushoto. Zahanati walimwambia ni ugonjwa wa viungo, wakampa vidonge vya kutuliza maumivu. Baada ya miezi minane hakuweza kushika sindano ya mkeka. Aliwaambia watu mikeka imemchosha, akaanza biashara ya maharage, kwa sababu kupepeta kunataka viwiko na viganja, na hivyo alikuwa navyo bado. Mikono aliificha chini ya kitenge. Kusokota mpira aliweza kwa kusukuma kwa kiganja mkono wa keekee kuukuu, ile ya kutobolea mbao. Kurusha aliweza pia. Kuchonga propela na kufunga fundo, hapana. Na mashindano yalikuwa yamebaki majuma sita.

Kiwanja cha jirani alikaa Gradi, seremala wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Uvira, mwenye mke aitwaye Orpa na maneno machache. Naye alirusha ndege. Alikuwa mmoja wa wale vijana wa kwaya wa zamani, na fundo la nyuzi za mgomba alilijifunza kwa kuchungulia. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wa Annonciata, jambo ambalo Annonciata alilijua na hakuwahi kulitamka. Ila hewa hakuiona kabisa. Aliachia ndege nzuri kuliko zote kwenye hewa mbovu kuliko zote, kila mwaka, kisha akaenda kuiokota bila kulalamika.

Annonciata alikwenda kwake jioni moja, Orpa akiwa kisimani, akamwambia anataka ndege, na anataka isijulikane. Gradi aliitazama ile mikono iliyojificha, akauliza jambo moja tu, kama ataiachia kwenye hewa nzuri. Akamjibu kwamba hilo haliulizwi. Gradi akaiunda kwa siku kumi na mbili. Kwa mara ya kwanza maishani aliona kitu alichokiunda kikipanda mpaka kikawa nukta, na inasemekana siku ile alikula bila kuongea mpaka sahani ikaisha, ingawa kwa Gradi hiyo haikuwa habari.

Kwa hiyo kwa miaka miwili mwanamke aliyewatukana wanunuzi wa ndege alirusha ndege ya mkono wa mwingine. Haikuwa kosa kisheria. Sheria si ilikuwa imefutwa? Ilikuwa aibu tu, na aibu aliifunika kwa namna pekee aliyoijua. Aliongeza matusi. Angenyamaza, watu wangeuliza kwa nini amenyamaza. Akaandikisha barua ya tatu. Na ili mtu yeyote asije akafikiri kuna jambo kati yake na seremala wa jirani, akamfanya Gradi mfano wake. Mbele ya watu alimwita fundi misumari. Alisema ndege zake ni viti vilivyopewa mabawa. Mara moja, uwanjani Mbarara, Gradi alipokwenda kuokota ndege yake majanini, alimwuliza kwa sauti kama anataka kusaidiwa jeneza. Watu walicheka. Gradi naye alitabasamu, akafuta udongo kwenye bawa.

Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa analiona vizuri kila jioni anapofungua kitenge, na bado aliendelea kucheka ya wenzake.

Mwaka huu akaandikisha barua ya nne, kwa mazoea, kama mtu anavyofukuza kuku bila kugeuka. Hakujua kwamba kamati ilikuwa imechoka na Faizo, ambaye alianza kudai awe makamu mwenyekiti. Siku ya mashindano, mbele ya washindani kumi na tisa na watu wao, Sulaiman alipanda juu ya kreti ya maziwa, akasema kwamba kamati imemsikia mama yetu wa Nakivale. Sheria ya zamani inarudi, kuanzia leo. Anayerusha ndiye aliyeunda. Kila mmoja ataweka mkono juu ya ndege yake na kuapa, na atakayepatikana na ndege ya mkono wa mwingine atafungiwa miaka miwili. Watu wakampigia makofi Annonciata. Yeye akasimama pale na ndege ya Gradi kwapani.

Angeweza kuondoka. Angesema kichwa kinamuuma, na kwa umri wake wangemwamini. Lakini kuondoka siku ya ushindi wake mwenyewe kungeuliziwa, naye alikuwa amezoea makofi. Robinah alipita na kitabu chake, mmoja baada ya mwingine akiapa. Gradi aliweka mkono juu ya ndege yake, akaapa kwa sauti ndogo. Robinah alipofika kwa Annonciata, hakusimama. Aliweka alama kwenye kitabu.

"Wewe maama hatuulizi," alisema. "Sisi tunajua wewe."

Annonciata alijisikia amepona. Kisha akajisikia mchafu, halafu akaamua kutojisikia chochote na kutazama makaloli. Waliinuka watatu juu ya jalala upande wa magharibi. Akaachia ndege, ikapanda, ikafika dakika mbili na kupita. Safari hii hakugeuka kwenda kuketi. Hakuna aliyegundua.

Faizo ndiye aliyegundua jambo jingine. Sheria ilikuwa imemtupa nje ya kamba pamoja na ndege yake nyeusi, na mtu aliyetupwa nje huwa na muda mwingi wa kutazama. Ndege zilipokuwa mezani zikipimwa tena, ya Annonciata na ya Gradi zikalala pamoja, na Faizo akasema kwa sauti kwamba hizo ni mapacha. Watu wakasogea. Fundo lilikuwa lilelile, mkato wa propela uleule, hata bawa lilikuwa limepindwa ncha kwa namna ileile. Hata mtoto angeona kwamba zimetoka mkono mmoja. Na kwa kuwa kila mtu alijua bingwa ni nani na fundi misumari ni nani, kamati ya watu saba ilifikia jibu lake bila kukaa kikao. Gradi ameapa uongo. Amepewa ndege na bingwa, Mama Chantal.

Sulaiman alimwita mbele. Alimwambia kwamba jeshini mtu wa kuapa uongo hulala ndani, hapa atafungiwa miaka miwili na jina lake litabandikwa ubaoni, ili watu wa Nakivale wajue seremala wao ni mtu wa namna gani.

Annonciata alikuwa hatua nne kutoka pale. Moyoni alishaandaa la kusema. Gradi angefungua mdomo tu na kumtaja, angemwita mwongo mbele ya wote. Tusi lilikuwa tayari ulimini, zuri, la kuchekesha, na kila mtu angeliamini. Alingoja atajwe. Alijiambia pia kwamba Gradi bado kijana, miaka miwili si kitu kwake, ilhali yeye amebakiza mashindano mangapi? Alijiambia haya yote upesi upesi, kama mtu anayeficha vyombo mgeni akibisha.

"Niliapa ukweli," Gradi alisema. Hakumtazama Annonciata hata kidogo.

Walimwuliza tena. Akasema vilevile. Faizo akacheka, na nyuma kidogo mtu mwingine, mkimbizi mwenzao, akasema neno lile la viti vilivyopewa mabawa, neno la Annonciata mwenyewe, na watu wakacheka zaidi. Annonciata alilisikia likitoka kwenye kinywa cha mtu asiyejua hata kupepeta. Lilikuwa neno baya. Alikuwa amelidhani zuri kwa miaka miwili.

Akaenda mpaka mezani.

"Ile ndeke haiko yangu," alisema. "Na hii yangu nayo haiko yangu. Zote mbili ni Gradi alizitengeneza."

Hawakumwamini. Huo ndio ukweli wenyewe, na kama unafikiri aibu ina mwisho, basi sikiliza: ilimbidi abishane nao ili wakubali kwamba yeye ni mwongo. Robinah alimwambia kwa upole kwamba wanaelewa, mama lazima awatetee watu wake. Sulaiman alimshika bega.

"Maama, wewe iko na roho muzuri sana. Wewe nataka saidia huyu kijana ya kwenu. Lakini sheria ni sheria."

Annonciata akatoa mikono chini ya kitenge, akaiweka mezani, katikati ya ndege mbili, kwenye jua. Vidole vilikuwa vimejipinda kando kama tangawizi. Robinah akaacha kuandika. Annonciata akaomba kisu na kipande cha mti. Aliyekuwa karibu akampa. Alikikamata kisu kwa viganja viwili, kama mtoto, akajaribu kutoa ubapa mmoja tu wa ule mti laini, na kisu kikaanguka. Akainama kukiokota, hakikukamatika. Hakuna aliyecheka. Gradi ndiye aliyeinama akakiokota, akakirudisha kwa mwenyewe.

"Myaka mbili," Annonciata alisema. "Minaweza kupepeta, minaweza kurusha. Kuchonga, hapana. Nilimutukana huyu mutu mbele yenu, na nilikuwa ninashika kazi yake mu mikono."

Kamati ikafanya ilichozoea. Sulaiman alikohoa, akawaangalia wenzake sita, akasema kwamba jambo hili linaweza kupangwa. Leo hii wataandika kwamba mzee aliyepita miaka hamsini na tano, mwenye ugonjwa, anaweza kuundiwa ndege. Aliuliza nani anakataa. Hakuna aliyekataa, hata Faizo aliinua mabega. Robinah alishafungua ukurasa mpya. Walikuwa na huruma ya kweli nyusoni, na Annonciata aliitazama ile huruma kama mtu aliyeletewa chai ya chumvi.

"Muliandika ya mupira, muliandika ya utambi, muliandika ya Faizo," alisema. "Sasa munataka kuandika ya mimi. Sheria yenu iko kama mulango wa choo, kila mwenye haraka anasukuma. Hii moja niliiomba mara ine. Toa jina langu."

Robinah alimwangalia Sulaiman. Sulaiman akatazama viatu vyake. Kalamu ikapita juu ya jina, na pembeni Robinah akaandika miaka miwili, kwa mwandiko mzuri kuliko aliowahi kuutumia.

Gradi akarudishwa mchezoni. Aliapa tena ingawa hakutakiwa. Katika mizunguko iliyobaki hakumwomba Annonciata amsomee hewa, naye hakujitolea, kwa sababu hakujua kama bado ana haki hiyo. Mara mbili alimwona anaachia ndege makaloli wakiwa wameketi chini, hewa imekufa kabisa, na mara mbili akajiuma ulimi. Gradi alimaliza wa saba. Kombe lilikwenda kwa koplo mmoja aliyelipokea kwa mikono miwili huku akilia machozi.

Walirudi kwenye lori la wafanyabiashara wa maharage, wameketi juu ya magunia matupu, ndege mbili katikati yao. Walipokuwa wamekwisha kuuacha mji, Gradi alifungua mdomo. Sauti yake haikuwa na hasira, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa.

"Mama Chantal, myaka mbili ulinitukana mbele ya batu bote," alisema. "Leo ulisema ukweli mara moja."

Lori likasimama Isingiro, na mwanamke muuza ndizi akasogea, akazisifu zile ndege, akauliza ni za nani.

"Ni za huyu, Gradi," Annonciata alimwambia. "Ni yeye alizitengeneza. Mimi sijui tena kutengeneza."

Mbele kidogo askari wa kizuizi akauliza, naye akamwambia. Utingo akauliza, akamwambia, na utingo akabisha kwamba amesikia bingwa ni mama mmoja wa Rubondo, ikabidi amweleze mara mbili. Base Camp, makao makuu ya Nakivale, kulikuwa na wanawake kwenye bomba la maji waliomfahamu, waliokuwa wakingoja kusikia safari hii ameitukana nini kamati. Hao ndio waliomwia vigumu kuliko wote. Aliwaita wasogee, akawaonyesha mikono.

Walipofika Rubondo jua lilikuwa bado lipo. Neno hilo alikuwa amelisema mara sita, ukihesabu na ile ya mezani. Kila mara lilimuuma sawasawa na mara ya kwanza, na Gradi, aliyekuwa kando yake muda wote akiwa amezishika ndege zote mbili, hakumwambia kwamba mara hizo zinatosha.